Kukubali Ukaribishaji kwa Staha katika Mazungumzo ya Kila Siku ya Kijerumani: Ufafanuzi wa Kipragmatiki kwa Wajifunzaji Wazungumzao Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wazungumzaji wa Kijerumani wanavyokubali kwa staha jambo wanalokaribishwa katika mazungumzo ya kila siku, kama vile kinywaji, chakula, msaada au ruhusa ya kuitana kwa *du*. Ufafanuzi umeongozwa na Nadharia ya Staha ya Brown na Levinson (1987) pamoja na mkabala wa uchanganuzi wa mazungumzo. Makala yanabainisha viambajengo vikuu vya jibu la kukubali, hususan *bitte*, *gern*, *danke* na *doch*, na kuonesha kwamba maana ya kila kimoja hutegemea nafasi yake katika mfuatano wa mazungumzo. Hoja kuu ni kwamba neno *danke* likisimama peke yake kabla ya kitu kupokelewa, kwa kawaida huelekea kufasiriwa kuwa ni kukataa. Kwa hiyo, mjifunzaji anayelitafsiri moja kwa moja kuwa “asante” anaweza kukosa alichokitaka au kumtendea mwenzake asichokitaka. Makala yanahitimisha kwa kueleza athari za jambo hilo katika ufundishaji na katika kazi ya uuguzi.

Maneno muhimu: staha, ukaribishaji, Kijerumani, pragmatiki, vitendo uneni, ujifunzaji wa lugha ya kigeni

1.0 Utangulizi

Katika lugha yoyote, kumkaribisha mtu kitu na kukubali ulichokaribishwa ni miongoni mwa vitendo vinavyofanyika mara nyingi zaidi kwa siku, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa vitendo vinavyotafakariwa kwa nadra. Mtu huulizwa kama atakunywa kahawa, hujibu kwa neno moja au mawili, na mazungumzo huendelea. Ni pale tu jibu linapofasiriwa kinyume cha lilivyokusudiwa ndipo hubainika kuwa katika maneno hayo mawili mlikuwa na kanuni ambayo upande mmoja haukuijua.

Istilahi *ukaribishaji* inatumika katika makala haya kwa maana pana kuliko ile ya kumwalika mgeni ndani. Inarejelea kila kauli ambayo kwayo mzungumzaji anajitolea kumpa msikilizaji kitu, kumfanyia jambo au kumpa nafasi fulani, huku akimwachia uhuru wa kukubali au kukataa. Kwa maana hiyo, *Möchten Sie einen Kaffee?* (Je, ungependa kahawa?), *Soll ich Ihnen helfen?* (Je, nikusaidie?) na *Wollen wir uns duzen?* (Je, tuitane kwa *du*?) zote ni kauli za ukaribishaji.

Mada hii ina umuhimu wa pekee kwa wazungumzaji wa Kiswahili katika kipindi hiki. Sheria ya Ujerumani ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2020, na mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Wajifunzaji wengi wa Kijerumani Nairobi na Dar es Salaam hawasomi lugha hii kwa ajili ya fasihi pekee, bali wanajiandaa kuishi ndani yake: wodini, karakana, jikoni na katika nyumba za watu. Kwao, kujua lini *danke* ni “ndiyo” na lini ni “hapana” ni sehemu ya ustadi wa kazi.

Mifano ya Kijerumani iliyotumika imeundwa kwa ajili ya ufafanuzi, kwa kufuata matumizi ya kawaida ya Kijerumani sanifu cha Ujerumani. Hali katika Austria na Uswisi, ambako zipo desturi nyingine za usemaji, haikuingizwa katika mjadala huu.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Leech (1983) anaviweka vitendo vya kukaribisha na kualika katika kundi la vitendo ambavyo lengo lake la kutendeka linakwenda sambamba na lengo la kudumisha maelewano ya kijamii. Kwa mtazamo huo, mtu angetarajia kwamba kukubali ukaribishaji hakuna ugumu wowote: mwenyeji anataka kutoa na mgeni anataka kupokea.

Brown na Levinson (1987) wanaonesha kuwa jambo hilo si jepesi hivyo. Katika nadharia yao, inayojengwa juu ya dhana ya *uso* iliyoasisiwa na Goffman, kila mzungumzaji ana uso chanya, yaani haja ya kupendwa na kuthaminiwa, na uso hasi, yaani haja ya kutoingiliwa uhuru wake. Anayekaribisha humweka mwenzake katika hali ya kulazimika kujibu, na akikubaliwa humwachia deni la fadhila. Anayekubali naye hulipokea deni hilo, na wakati huohuo huigusa mali, muda au nguvu za mwenzake. Hivyo, anayekubali anakabiliwa na kazi mbili zinazovutana. Akikubali kwa haraka na kwa hamu kubwa mno anaweza kuonekana mroho. Akisitasita mno anaweza kuonekana kuwa anaidharau fadhila aliyofanyiwa. Staha ya kukubali ni namna ya kupita baina ya hatari hizo mbili.

Uchanganuzi wa mazungumzo unaongeza jambo la pili. Ukaribishaji na jibu lake ni jozi ya kauli zinazotarajiana, na majibu mawili yanayowezekana hayana hadhi sawa. Kukubali ni jibu linalopendelewa na mfumo wa mazungumzo, kwa hiyo kwa kawaida huja upesi, huwa fupi na halihitaji maelezo. Kukataa si jibu linalopendelewa, kwa hiyo huchelewa, huanza kwa maneno ya kusita au ya kushukuru, na hufuatwa na sababu. Kupendelewa huku hakuhusu matamanio ya moyoni mwa wazungumzaji bali umbo la majibu yenyewe. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji huweza kuhisi kukataa kabla hakujatamkwa: ukimya mfupi baada ya *Möchten Sie noch ein Stück?* (Je, ungependa kipande kingine?) tayari humfanya mwenyeji akisie kwamba jibu ni la hapana.

Dhana ya tatu ni ile ya Thomas (1983), anayetofautisha aina mbili za kushindwa kuelewana kipragmatiki. Ya kwanza hutokana na kuihamishia lugha ya pili thamani ya umbo la lugha ya kwanza. Ya pili hutokana na kuhukumu vibaya mahusiano ya kijamii: deni ni kubwa kiasi gani, nani ana haki ya kukaribisha, na mara ngapi inafaa kukataa kabla ya kukubali. Aina zote mbili zinajitokeza katika mada hii, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu tiba zake ni tofauti.

3.0 Maumbo ya Ukaribishaji katika Kijerumani

Jibu haliwezi kueleweka bila ya kauli linayoijibu. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kijerumani, ukaribishaji hujitokeza zaidi katika maumbo matano.

Umbo la kwanza ni swali la matakwa: *Möchten Sie etwas trinken?* kwa mtu anayeitwa *Sie*, au *Magst du was trinken?* kwa mtu anayeitwa *du*. Umbo la pili ni swali la ruhusa, ambalo ni rasmi zaidi: *Darf ich Ihnen etwas anbieten?* (Je, naruhusiwa kukukaribisha chochote?). La tatu ni swali la *sollen*, ambalo aghalabu hutumika kwa msaada: *Soll ich Ihnen den Koffer tragen?* (Nikubebee sanduku?). La nne ni kirai kisicho na kitenzi, *Noch Kaffee?* (Kahawa zaidi?), ambacho ni cha kawaida kabisa mezani na hakina ukavu wowote. La tano ni umbo la kuamrisha: *Greifen Sie zu!* au *Bedienen Sie sich!*, yaani mgeni ajihudumie mwenyewe bila ya kusubiri.

Katika umbo hili la tano, neno pekee halitoshi kuwa jibu. Mgeni anayesema *danke* na kuendelea kukaa bila ya kugusa chochote hajaonesha unyenyekevu, bali amemfanya mwenyeji aamini kwamba hana haja ya chakula. Kukubali hapa hukamilika kwa mkono kuelekea kwenye sahani.

4.0 Viambajengo vya Jibu la Kukubali

4.1 *Bitte* na *gern*

Jibu la msingi la kukubali katika Kijerumani ni *Ja, bitte* au *Ja, gern* (pia *gerne*). *Ja* likisimama peke yake linakubali, lakini kwa watu wasiozoeana linaweza kusikika kuwa kavu. Linalolainisha ni neno linalofuata.

*Gern* ni kielezi kinachobeba maana ya kufanya jambo kwa kupenda. Mgeni anaposema *Ja, gern*, hadai kitu, bali anaeleza kwamba alichokaribishwa kinamfurahisha. Kwa lugha ya Brown na Levinson, neno hili huuhudumia uso chanya wa mwenyeji: fadhila yake imepokelewa kwa furaha. Ndiyo sababu *gern* linafaa kwa aina zote za ukaribishaji, kuanzia kahawa hadi msaada na mwaliko wa harusi, na ndilo neno salama zaidi kwa mjifunzaji. Linaweza kuongezewa nguvu kuwa *sehr gern*, au kupanuliwa kuwa *Das ist nett, gern* (Ni wema wako, ningependa).

*Bitte* ni neno gumu zaidi kwa sababu lina kazi nyingi. Mfuatano ufuatao unaonesha kazi tatu ndani ya mabadilishano mafupi:

A: *Möchten Sie einen Tee?*
B: *Ja, bitte.*
A: (akikabidhi kikombe) *Bitte schön.*
B: *Danke schön.*
A: *Bitte.*

*Bitte* la kwanza ni la kukubali. La pili huambatana na kukabidhi. La tatu hujibu shukrani. Kamusi zinazoandika kwamba *bitte* ni “tafadhali” hazikosei, lakini zinamwonesha mjifunzaji matumizi ambayo hayajitokezi hata mara moja katika mfuatano huu. Hakuna neno moja la Kiswahili linaloweza kushika nafasi hizo tatu. Kwa hakika, “Ndiyo, tafadhali” kama jibu la “Utakunywa chai?” si usemi wa asili wa Kiswahili, Mswahili husema “Ndiyo, asante,” “Haya,” au “Nitashukuru.” Kwa hiyo, mjifunzaji anayetegemea tafsiri hana njia ya kumfikisha kwenye *bitte* pale anapokubali, na neno linalomjia ulimini ni *danke*.

4.2 *Danke* na wakati wake

Hapa ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Kijerumani chenyewe kina misemo miwili iliyozoeleka, *dankend annehmen* (kukubali kwa shukrani) na *dankend ablehnen* (kukataa kwa shukrani). Misemo hii inathibitisha kwamba shukrani kama shukrani haiegemei upande wowote. Linaloamua ni kile kinachoambatana nayo na wakati inapotamkwa.

*Danke* likitanguliwa na *ja* linakubali: *Ja, danke*. Likifuatwa na *gern* linakubali: *Danke, gern*. Likitanguliwa na *nein* linakataa: *Nein, danke*. Lakini likisimama peke yake baada ya swali la ukaribishaji, hasa likitamkwa kwa sauti inayoshuka, likiambatana na kutikisa kichwa kidogo au kuweka kiganja juu ya kikombe, tafsiri ya kawaida ni kukataa. Hali kadhalika, *danke* likifuatwa na maelezo hukataa bila ya kuhitaji *nein*: *Danke, ich bin satt* (Asante, nimeshiba); *Danke, es geht schon* (Asante, naweza mwenyewe).

Kwa nini shukrani tupu ielekee kwenye kukataa? Maelezo yanapatikana katika umbo la mfuatano ulioelezwa katika sehemu ya 4.1. Katika kukubali, mfuatano una hatua nne au tano, na nafasi ya *danke* ni baada ya kitu kukabidhiwa. Katika kukataa, hakuna kitu kitakachokabidhiwa, kwa hiyo shukrani haina nafasi nyingine isipokuwa papo hapo: mtu huishukuru nia ya mwenzake na mfuatano hufungwa. Msikilizaji anayesikia *danke* tupu mapema husikia neno la kufunga. Aidha, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 2.0, kukataa hupendelea kuanza kwa lugha laini, na *danke* ni laini kuliko *nein*. Kwa hiyo, msikilizaji haoni haja ya kusubiri *nein* litamkwe.

Kanuni ya kufundishia inaweza kufupishwa hivi: kabla ya kupokea, sema *ja* pamoja na *bitte* au *gern*, baada ya kupokea, sema *danke*. Si sheria isiyo na pengo. Sauti inayopanda, tabasamu, au mkono ulionyooshwa kuelekea kwenye kikombe huweza kuifanya hata *danke* tupu ieleweke kuwa ni kukubali. Hata hivyo, mjifunzaji asiyemudu bado kiimbo cha Kijerumani hana budi kutegemea maneno.

4.3 *Doch*

Mwenyeji huweza kukaribisha kwa swali kanushi: *Möchten Sie nichts trinken?* (Hutaki kunywa chochote?). Kiswahili hujibu maswali ya aina hii kwa kuangalia kama anayejibu anakubaliana na kauli ya mwulizaji. “Hutaki chai?” hujibiwa “Ndiyo, sitaki” au “Hapana, nataka.” Kijerumani hakifuati njia hiyo. Anayetaka kinywaji hana budi kujibu *Doch, gern*, ambapo *doch* hulipindua kanusho la swali. *Nein* humaanisha kwamba hataki. *Ja* peke yake humwacha mwulizaji njia panda.

Mjifunzaji anayehamisha mfumo wa Kiswahili atasema *Nein* akiwa na maana ya “Hapana, si kweli kwamba sitaki,” na mwenyeji ataondoa kikombe. Hili ni kosa la aina ya kwanza kwa mujibu wa Thomas: umbo limehamishwa pamoja na thamani yake. Kwa bahati njema, ni kosa linalofundishika kwa mazoezi machache, kwani *doch* halina hali za kati.

4.4 Kauli za kupunguza deni

Pamoja na neno la kukubali, wazungumzaji wa Kijerumani huongeza kauli zinazopunguza uzito wa deni la fadhila. Kauli hizo ni za namna tatu.

Namna ya kwanza ni kauli ya sharti: *Wenn es keine Umstände macht* (Ikiwa haitakusumbua). Jibu linalotarajiwa kutoka kwa mwenyeji ni kukana usumbufu, kwa mfano *Nein, gar nicht!* Namna ya pili ni kupunguza kiasi: *Aber nur ein kleines Stück* (Lakini kipande kidogo tu). Namna ya tatu ni mzaha mwepesi: *Da sage ich nicht nein* (Hapo sitasema hapana), ambayo hukubali kwa kukana kukataa na hufaa baina ya watu waliozoeana kiasi.

Kauli nyingine inayofanana na hizi, *Machen Sie sich keine Umstände* (Usijisumbue), haifanyi kazi ileile. Peke yake huweza kufasiriwa kuwa ni kukataa, na mwenyeji anayeheshimu maneno ya mgeni anaweza kuacha. Tofauti iko wazi kisarufi: ya kwanza ni sharti lililoambatishwa kwenye “ndiyo,” ilhali hii ni agizo la kutofanya jambo.

4.5 Majibu yanayokubali bila ya staha

Yapo maneno ambayo kamusi huyatafsiri kwa “sawa” lakini yanabeba kusitasita. *Meinetwegen* na *von mir aus* humaanisha kwamba mzungumzaji haoni kizuizi, lakini pia haoni furaha. Yakiwa majibu ya ukaribishaji huonesha kukubali kwa shingo upande. *Na gut* huashiria kwamba mtu ameshawishika baada ya kusitasita, kwa hiyo likitolewa mwanzoni humshangaza msikilizaji. *Ich will* ni sahihi kisarufi lakini ni kali mno mbele ya *ich möchte* au *ich hätte gern*.

Katika kundi hili pia liko jibu *Egal* (ni mamoja). Mwenyeji akiuliza *Kaffee oder Tee?*, mgeni anayejibu *Egal* kwa nia ya kutomsumbua huweza kuonekana kuwa hajali. Jibu la staha ni kuchagua: *Einen Tee, bitte*. Asiye na chaguo anaweza kuuliza mwenyeji atakunywa nini kisha akasema *Da schließe ich mich an* (Hapo naungana nawe). Matokeo ni yaleyale, yaani kumpunguzia mwenyeji kazi, lakini kauli inauhudumia uso chanya badala ya kuupuuza.

5.0 Kukubali *du*

Ukaribishaji usiohusu kitu wala msaada, na ambao huenda ni mzito kuliko yote, ni ule wa kuacha *Sie* na kuanza kuitana kwa *du*. Wajerumani huuita *das Du anbieten*, na kitenzi *anbieten* ndicho kilekile kinachotumika kwa kahawa. Kwa desturi, mwenye umri mkubwa humkaribisha mwenye umri mdogo, na mwenye cheo cha juu humkaribisha wa chini. Kinyume chake huweza kuonekana kuwa ni kujipa nafasi isiyotolewa. Katika sehemu nyingi za kazi na miongoni mwa vijana, *du* hutumika tangu mwanzo na utaratibu huu haujitokezi.

Anayekaribishwa hukubali kwa *gern* na kutaja jina lake la kwanza, hata kama linajulikana. Kutaja jina ndiko kunakokamilisha tendo. Kinachofuata ni muhimu zaidi: akubalie kwa vitendo, yaani aanze kutumia *du* katika sentensi inayofuata. Mjifunzaji aliyelelewa katika jamii ambamo mkubwa huamkiwa kwa “shikamoo” anaweza kuona uzito kumwita *du* mtu wa makamo ya wazazi wake, na akarudi kwenye *Sie* kwa nia ya heshima. Kwa mwenyeji, kurudi huko husikika kana kwamba ukaribishaji umekataliwa baada ya kukubaliwa. Hili ni kosa la aina ya pili kwa mujibu wa Thomas. Haliondolewi kwa zoezi la sarufi, bali kwa kueleza kwamba katika muktadha huo heshima ni kuipokea nafasi iliyotolewa na mkubwa.

6.0 Mara Ngapi Kukataa Kabla ya Kukubali?

Suala la idadi ya ukaribishaji linastahili kutengwa. Katika jamii nyingi za Waswahili, mwenyeji haishii kwenye ukaribishaji wa kwanza. Chai hutengwa bila ya mgeni kuulizwa, na mgeni anayesema “Asante, nimeshiba” hutarajia kusikia “Aa, onja hata kidogo.” Sambamba na hilo, liko “Karibu” la adabu ambalo mwenye kula humpa anayepita, na mpita njia hujibu “Asante” au “Starehe” na kuendelea na safari yake bila ya upande wowote kudhani kwamba chakula kingeliwa. Kwa hiyo, Mswahili huzoea kupima kama ukaribishaji ni wa dhati kwa kurudiwa kwake.

Katika Kijerumani, kipimo hicho si cha kutegemewa. House, katika tafiti zake za kulinganisha mazungumzo ya Kijerumani na Kiingereza, amebainisha kwamba wazungumzaji wa Kijerumani huelekea zaidi kwenye uwazi na kwenye maudhui ya kauli. Kwa mwelekeo huo, *Nein, danke* huchukuliwa kwa maana ya maneno yake, na kuiheshimu ni namna ya kuulinda uso hasi wa mgeni. Mwenyeji anayeuliza tena huuliza mara moja, kwa kawaida kwa *Wirklich nicht?* (Kweli hutaki?), kisha huacha. Kuendelea kusisitiza kungeonekana kuwa ni kumlazimisha.

Isidhaniwe kwamba Kijerumani hakina kabisa adabu ya kusitasita. Anayepokea zawadi husema *Das wäre doch nicht nötig gewesen* (Haikuwa lazima), huku mikono yake imekwisha kuipokea. Tofauti ni kwamba kusitasita huku hutokea baada ya kukubali, wala si mahali pa kukubali. Mgeni wa Kiswahili hukataa kwanza ili akubali kwa heshima. Mjerumani hukubali kwanza kisha hulipunguza deni kwa maneno. Jamii zote mbili zinashughulikia tatizo lilelile la uroho na deni, lakini zimeiweka kazi hiyo katika sehemu tofauti za mfuatano. Kwa hiyo, si sahihi kusema kwamba Mjerumani aliyeondoa birika baada ya “hapana” moja hana ukarimu, wala kwamba Mswahili aliyekataa mara moja alikuwa hasemi kweli.

7.0 Athari katika Kazi na Ufundishaji

Mezani, gharama ya kutoelewana ni kikombe cha chai. Kazini gharama ni kubwa zaidi, na katika uuguzi inagusa haki ya mgonjwa. Mhudumu humwuliza mzee katika nyumba ya kulelea: *Soll ich Ihnen beim Aufstehen helfen?* (Nikusaidie kuinuka?). Mzee anajibu: *Danke, es geht schon.* Mhudumu anayeisikia *danke* kuwa ni “asante, njoo” atamshika mkono mtu aliyekwisha kukataa kushikwa. Kwa upande wa mhudumu ni wema. Kwa upande wa mzee ni kuingiliwa mwili bila ya ridhaa. Neno moja limebeba ridhaa nzima, na aliyelisikia vibaya hawezi kujitetea kwa nia njema pekee.

Hali ya kinyume nayo inadhuru. Msimamizi humwuliza mfanyakazi mgeni: *Soll ich dir das noch mal erklären?* (Nikueleze tena?). Mfanyakazi, kwa kuona haya kumchosha mkubwa wake, anajibu *Nein, danke* akitarajia kuulizwa mara ya pili. Hataulizwa, na kesho atatarajiwa aijue kazi. Akikosea, itadhaniwa kwamba alikataa kufundishwa. Jibu *Ja, gern, das wäre nett* (Ndiyo, ningependa, utakuwa wema) lisingemshushia hadhi yoyote.

Kwa upande wa ufundishaji, ni vema kuzingatia kwamba mjifunzaji wa mwanzo hulikuta *bitte* kwanza kama neno la kuomba. Sehemu ya tatu ya mtihani wa kuzungumza wa Goethe katika kiwango cha A1, kwa mfano, humtaka mtahiniwa aombe jambo na kujibu ombi. Hiyo ni nusu ya matumizi. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, *bitte* lifundishwe kwa mfuatano kamili wa kukaribisha, kukubali, kukabidhi, kushukuru na kujibu shukrani, badala ya kufundishwa kwa tafsiri ya neno moja. Pili, *danke* lifundishwe pamoja na ishara zake za mwili na kiimbo, na wajifunzaji wazoezwe kulisikia kama vile wanavyozoezwa kulisema, kwa sababu kosa la mhudumu katika mfano wa kwanza ni la usikilizaji. Tatu, mwalimu alinganishe waziwazi na Kiswahili, hasa kuhusu maswali kanushi na idadi ya ukaribishaji, ili mjifunzaji ajue ni wapi mazoea yake yanamsaidia na ni wapi yanampotosha.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kukubali kwa staha katika Kijerumani hakutegemei neno moja la adabu, bali mpangilio: *ja* huamua, *gern* au *bitte* hulainisha, kauli ya kupunguza deni huja baadaye, na *danke* husubiri hadi kitu kipokelewe. Pale mpangilio huo unapovurugwa, hasa kwa *danke* tupu au kwa *nein* badala ya *doch*, jibu hubadilika maana. Imebainika pia kwamba tofauti kati ya Kijerumani na Kiswahili haiko katika kiasi cha staha bali katika mahali inapowekwa. Uchunguzi zaidi unaotumia mazungumzo halisi yaliyorekodiwa kwa ridhaa, hususan baina ya wauguzi watokao Afrika Mashariki na wagonjwa wao nchini Ujerumani, ungefaa kupima ni lini *danke* tupu hueleweka ipasavyo na ni ishara zipi huliokoa. Hadi hapo, mjifunzaji anayekaribishwa na kutaka kukubali ana maneno mawili yanayotosha kwa karibu kila hali: *Ja, gern*.